Shimo la Nyuma ya Maabara

Mimi ni mwalimu wa kemia, na hasira zangu ziko karibu. Nadhani ndiyo sababu waliniita. Walipoamua kuifufua maabara ya zamani ya kilimo, ile iliyo ukingoni mwa Mikelenge, walitaka mtu anayeelewa Kifaransa cha ramani na ambaye mafundi wa Kindu hawatamzungusha. Kazi yangu ilikuwa kuyapokea maneno ya msanifu, bwana mmoja kutoka Kinshasa asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, na kuwafikishia watu wanaokoroga zege.

Maneno yenyewe yalinichosha kwanza, halafu yakaanza kunipendeza. Sasi, kwa mfano. Niliwaeleza mafundi kwamba ni chumba kidogo chenye milango miwili, na mlango mmoja haufunguki mpaka wa pili uwe umefungwa, ili hewa ya chumba chenye vijidudu isitoroke.

"Sasa, mwalimu," fundi mmoja akauliza, "hewa nayo inangojea ruhusa?"

"Inangojea. Iko na adabu kukupita weye."

Walicheka, wakajenga. Payasi waliielewa upesi, maana ya zamani bado ilikuwepo: meza ndefu ya zege iliyovikwa vigae vyeupe, yenye ukingo ulioinuka pembeni na mteremko mdogo unaopeleka maji kwenye tundu. Kutoka hapo maji yanapita bombani chini ya sakafu hadi kwenye pwizari, shimo la mawe nyuma ya jengo, ambako udongo unayanywa polepole. Neno pwizari halikuhitaji mkalimani.

Kilichonipa taabu ni kile ambacho msanifu alikiita mwendo wa mbele. Ndani ya maabara kazi inatoka upande safi kwenda upande mchafu, hairudi nyuma, na kichafu hakipiti njia ya kisafi. Nilichora mishale sakafuni kwa chaki, wakanikodolea macho. Mwishowe kapita, yaani msimamizi wao, mzee mwenye ndevu nyeupe anayesali msikiti mmoja na baba yangu, akawaambia: "Njo vile tunaosha maiti. Maji inateremuka tu, haipande tena kwa kichwa."

Wakaelewa mara moja, hata Wakristo. Hakuna aliyecheka. Watu wazima kati yao waliitupia macho payasi ya zamani, kisha wakatazama kando, maana juu yake ndipo walipooshwa wafu wetu.

Miaka ya vita, mji ulipozingirwa, njia ya mtoni ilikuwa njia ya risasi. Watu hawakwenda shamba wala sokoni, na njaa iliua kuliko bunduki. Maabara ilikuwa imekwisha kuachwa. Madirisha yaling'olewa, mizani na chupa vikaporwa, hata nyaya za ukutani zilikwenda. Vitu viwili tu havikubebeka: ile payasi, na tangi la saruji lililokinga mvua ya paa. Basi Waislamu wa mtaa ule wakawa wanapeleka maiti zao pale. Palikuwa na maji, palikuwa na kuta za kusitiri, na palikuwa na shimo la kupokea maji ya josho, kwa kuwa maji hayo hayamwagwi ovyo watu wakayakanyaga.

Mama yangu alikufa kiangazi, katikati ya dhiki ile. Sikuwepo. Baba alikuwa amenipeleka Kailo kwa bibi kabla njia hazijafungwa, na niliporudi nilikuta kaburi limeshaota majani. Niliambiwa tu kwamba baba alimwosha mwenyewe, mule maabara, mlango ukiwa umefungwa. Sikuuliza zaidi. Mtoto haulizi mambo kama hayo, na nilipoacha kuwa mtoto nikawa naogopa. Lakini nilijitengenezea picha yangu: maji yanateremka taratibu juu ya vigae vyeupe, na mikono ya baba inayafuata. Picha hiyo ndiyo mama niliyebaki naye.

Siku moja msanifu alikunjua ramani juu ya mifuko ya saruji, akaniita.

"Madame, kabla ya kuchimba ni lazima nijue historia ya maji machafu ya jengo hili. Katika maabara, hilo ni sharti. Bomba hili limepitisha nini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kama ni zebaki au dawa za wadudu, udongo wote wa pwizari utolewe, ukatupwe mbali na mji. Na hata kama sivyo, tutauchimba tu. Tangi la kutuliza asidi litakaa palepale, ndipo penye mteremko."

Akanionyesha kwa kalamu. Duara la tangi jipya lilikuwa limelifunika shimo la zamani kama kawa juu ya chakula. Nilimwambia nitawauliza wazee. Lilikuwa jibu la mwoga, nami nilijua.

Kwani ningesema nini? Mji huu unaihitaji maabara. Mihogo inaoza ingali ardhini kutoka hapa mpaka Tunda, tunapeleka majani yenye ugonjwa miji ya mbali, na majibu hayarudi. Tena vita vya mashariki vimewaka upya. Wakimbizi wanafika na magodoro vichwani, na msanifu alikuwa akitazama simu yake kila mara kwa hofu kwamba ndege zitasimama. Mtu mwenye haraka kama yule, ukimwambia kiwanja kina habari za wafu, anakunja ramani anaondoka. Na nikinyamaza, lori lingempakia mama yangu kwenda kumtupa jalalani. Ndivyo nilivyoliona jambo hilo, na lilinikondesha.

Kapita alinifuata pale nilipokuwa nimesimama nyuma ya jengo. Nilikuwa nimeshagundua kwamba hapitishi toroli juu ya shimo lile, analizunguka.

"Mwalimu," akasema, "wale vijana watachimba kama unawaambia. Hawajue kitu. Mimi sitachimba. Mama yangu, maji yake iko humu, na ya dada yangu. Weye njo uko na Kifaransa. Sema."

"Na wakituachia jengo nusu?"

"Sema vilevile."

Rahisi kusema "sema", atakayesema akiwa mwingine. Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno. Changu siku zile kilikuwa jumba lililotiwa kufuli. Nikaamua kwenda kwa baba. Nilitaka aje yeye, shahidi aliye hai, na kofia yake na umri wake. Msanifu angemsikiliza yeye kuliko mwanamke anayemkosoa ramani kila asubuhi.

Baba ni mshonaji. Bado anashona barazani kwake ingawa macho yamechoka. Nilimweleza yote: tangi, mteremko, lori. Cherehani haikusimama.

"Waache wachimbe," akasema.

Nilidhani kelele za cherehani zimenidanganya. "Baba, maji ya mama iko mule."

"Hapana."

"Hapana nini?"

Akaondoa mguu kwenye pedali. "Mama yako haikuoshwa. Maji haikukuwa."

Aliyasema hayo akiangalia kitambaa. Tangi lilikuwa limekauka, mvua ilikuwa haijaonekana kwa muda mrefu. Akachukua bido, dumu la kutekea maji, akashika njia ya mtoni. Penye kona akawaona askari wamekaa katikati ya njia, wanakula. Hawakumwona. Angeweza kujificha majanini akangoja waondoke, aliniambia. Wengine walifanya hivyo, na baadhi yao walirudi na maji. Yeye aligeuka.

"Nikaogopa, mama," akasema. Ananiita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Niliogopa sana. Nikarudi na bido tupu."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga mulango. Nikapiga mikono kwa vumbi, nikamupanguza uso, nikamupanguza mikono. Tayamamu. Dini inaruhusu."

"Ninajua inaruhusu."

"Mimi pia ninajua. Lakini wanawake walikuwa inje, wanangojea kusikia maji. Nikakamata kopo, nikawa nagonga ndani ya ndoo. Ndoo tupu. Nikagonga, nikagonga, mpaka nikaona imetosha."

Sitaficha: nilimkasirikia. Ningeweza kumwambia kwamba vumbi la mnyonge ni sawa na maji ya mwenye nguvu, na mbele ya Mungu ni kweli. Sikumwambia. Nilimuuliza kwa nini ameniacha nibebe uongo umri wangu wote. Akanijibu kwamba nilikuwa mdogo, na nilikuwa napenda kuwaambia watoto wenzangu kwamba mama alikwenda safi. Nikainuka bila kuaga. Nilikuwa sijawahi kumfanyia baba yangu jambo hilo, na nililifanya.

Njiani nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja. Watu walionipita wakajifanya hawanioni. Halafu likanijia wazo, wazi kabisa: sasa mle shimoni sina mtu. Naweza kunyamaza. Wachimbe, maabara ijengwe, mihogo ipone, mimi na baba tubaki na siri yetu. Nililigeuzageuza wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lilikuwa wazo zuri, lenye faida kwa kila mtu isipokuwa mama wa kapita na dada yake, na wote waliooshwa pale wakati tangi lilipokuwa na maji. Nikaona kwamba kama nilikuwa tayari kumpigania mama yangu na siko tayari kuwapigania hao, basi nilichokipigania hakikuwa heshima ya wafu. Kilikuwa changu tu.

Asubuhi nilimkuta msanifu na kapita kwenye payasi. Niliweka kiganja juu ya vigae, nikasema kwa Kifaransa changu cha darasani, bila kupamba. Nilimwambia bomba hili halikupitisha zebaki. Lilipitisha maji yaliyowaosha wafu wa vita, na kwetu mahali yalipoingia maji hayo hapafukuliwi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, au kwa wasiwasi wa magonjwa. Badala yake aliuliza, "Na wa kwako?"

"Mama yangu alilazwa hapa. Lakini maji hayakumfikia. Yeye hayumo shimoni."

"Basi unamsemea nani?"

"Majirani."

Akaikunjua ramani juu ya vigae. Kisha akafuta lile duara, akalichora upande wa pili wa jengo, huku akinung'unika kwamba kule hakuna mteremko, itabidi pampu, na wakubwa wake watataka maelezo, na kazi itasimama mpaka wajibu. Hakuahidi kitu. Akasema tu kwamba kwenye ramani kila shimo lazima liwe na jina, na hilo la zamani haliwezi tena kuitwa pwizari kwa kuwa halitatumika. Aliniuliza neno la kitaalamu ni lipi. Mimi niliyekuwa na neno kwa kila kitu sikuwa nalo. Akaandika kwamba hapachimbwi, akaondoka kwenda kupiga simu.

Kapita Kifaransa anakisikia zaidi ya anavyoonyesha.

"Umemuambia nini juu ya mama yako?"

"Ukweli. Haikuoshwa. Tangi ilikuwa kavu."

"Tulijua," akasema.

"Mulijua namna gani?"

"Muke wangu alikuwa inje ile siku, na wenzake. Walisikia kopo inagonga ndoo tupu. Nani hajue mulio wa ndoo tupu, wakati wa ile vita? Wakaangaliana. Halafu wakaanza kulia kwa nguvu, wote, ili baba yako asijue kama wamesikia. Baba yako akatoka, akawakaripia, eti kulia kwa sauti si dini. Wakamuomba musamaha."

"Na hakuna muntu alimuambia? Miaka yote hii?"

"Nani angemuambia?" kapita akasema, akaenda kuwasimamia watu wake.

Siku ile ile nilirudi barazani. Baba alikuwa anapinda kanzu, akashindwa kutunga uzi, nikamtungia. Aliuliza kama wamechimba, nikamwambia hapana. Nilikuwa na maneno ya kapita mdomoni, na yangemtua mzigo, au yangempa mwingine: kujua kwamba wanawake wale, wengi wao sasa marehemu, walikubali kukaripiwa kwa ajili yake. Sikumwambia. Bado sijamwambia, na sijui kama ninamsitiri kama walivyomsitiri wao, au ninamwadhibu.