Hata kwa Saa Moja

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Walioniajiri kwa mkataba mfupi nizunguke Malaba nyumba kwa nyumba, kupima ni watu wangapi katika kaunti yetu hawana kazi, hawakuniuliza kama nina moyo wa vichochoro vya mpakani. Waliniuliza kama nina cheti na viatu vizuri.

Swali kubwa lilikuwa moja: katika siku saba zilizopita, umefanya kazi yoyote ya kukupa chochote, hata kwa saa moja? Ukijibu ndiyo, una kazi, hata kama ulimfulia jirani nguo akakupa unga. Ukijibu hapana, na kazi unaitafuta, basi huna. Rahisi tu, wakubwa walituambia. Wakubwa hawajawahi kufika mtaa ule wa mabati unaoteremka hadi mtoni, ng'ambo yake Uganda.

Kila mlango ulijibu hapana. Mchana kweupe wanaume wamelala fofofo, baiskeli zimeegemezwa ukutani, matope ya mtoni bado mabichi kwenye magurudumu. Mimi nani nibishane? Kanuni ilikuwa andika unachoambiwa. Nikaandika hapana, hapana, hapana, na kila nyumba kishikwambi nilichopewa cha kujazia majibu kikaiwekea alama nyekundu kwenye ramani, kuthibitisha kwamba kweli nilifika.

Alama hizo nusura zinitoe roho. Nilikuwa kwa mama mmoja aliyenikaribisha uji, mwanawe akachungulia begani mwangu. Akaona nyumba zao zimejipanga kwa wekundu kando ya njia ya panya wanayopitishia sukari na mayai. Akaninyang'anya kishikwambi, akapiga mluzi. Kufumba na kufumbua, wanaume wamejaa mlangoni.

"Dada, hizi alama unapelekea nani?"

"Ni takwimu tu, boss. Ni siri. Majina hayatoki."

"Siri, na umechora njia yetu yote?"

Mto nilikuwa nausikia nyuma ya nyumba, nami sijui kuogelea. Nilimuwaza mwanangu aliyekuwa shuleni, nani atamfungulia mlango jioni. Mkojo ulinitoka kidogo, na nalisema hilo ili usidhani natia chumvi.

Mama wa uji ndiye aliyeniokoa.

"Muulizeni na yeye," aliwaambia, kisha akanigeukia. "Wewe wiki ijayo uko na kazi?"

"Mkataba unaisha Ijumaa, mama."

"Halafu?"

"Halafu sina."

Wakaangua kicheko. "Kumbe ni mwenzetu!" Mwanawe akanirudishia kishikwambi, ingawa jicho hakuliondoa kwangu. "Ukilemewa, rudi. Mayai haiulizi cheti."

Nililemewa, nikarudi. Kodi ya Busia mjini ilinishinda, nikahamia chumba cha mwisho kabla ya mto. Sasa mayai ya Uganda huvuka kichwani mwangu, ndani ya beseni, chini ya sukuma wiki. Nikisikia pikipiki nyuma yangu, hudhani ni polisi nikachepuka kichakani na beseni langu, na wenzangu hunicheka. Wacheke. Kwa mwoga huenda kicheko, na mimi nina mtoto wa kulea.

Juzi alikuja msichana mwenye kishikwambi na viatu vizuri. Nilivuta pazia haraka kuficha trei za mayai zilizokuwa kitandani, kisha nikamkaribisha kigoda. Akaniuliza: katika siku saba zilizopita, hata kwa saa moja?

"Hapana," nikasema, kabla hajamaliza.

Akabonyeza. Alama nyekundu ikatokea mwisho kabisa wa mstari, juu ya chumba changu, nami nikaiona nikichungulia begani mwake.

"Dada," nikamuuliza, "hiyo alama unapelekea nani?"

Akanieleza taratibu, kwa adabu, kama nilivyofundishwa mimi: ni takwimu tu, ni siri, majina hayatoki. Maneno yote nilikuwa nayajua kwa kichwa. Sikuamini hata moja.