Siku Kumi na Nne za Livu

Juzi aliingia mlinzi mmoja katika kibanda changu cha kuchapa barua hapa Wandegeya, Kampala, akavua kofia, akasema kwa heshima ya Kiganda, "Nyabo, niandikie barua ya kuomba livu." Kazi ya dakika kumi. Lakini nilipofika kwenye neno lenyewe, leave, vidole vilisimama. Akadhani umeme umekatika. Nikamwomba anisubiri, nikatoka nje kunywa maji. Ngoja nikueleze kwa nini, rafiki yangu, maana jambo hili nimelibeba tangu nikiwa na miaka minane.

Tuliishi Kamwokya, mimi na jaja, mama yake baba. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba aliwahi kuwa askari jeshini, kisha akaajiriwa na kampuni ya ulinzi iliyokuwa na safu ya vyumba vya wafanyakazi, kumi na viwili vya mabati, mlango kwa mlango, choo kimoja mwishoni. Nikiikumbuka safu ile, harufu ndizo zinazotangulia: moshi wa sigiri asubuhi, mukene, wale dagaa wetu, wakikaangwa, sabuni ya wanaume wanaofua sare zao. Pale kila mtu alizungumza Kiswahili, kwa kuwa huyu alitoka Arua, yule Gulu, mwingine Congo. Shuleni tulichekwa kwa Kiswahili chetu, wakakiita lugha ya askari na wezi. Jaja alikuwa Mnubi, naye chake alikipata katika kambi ya jeshi alikoishi na mumewe. Mchana alisuka vikapu vya rangi, na kazi yangu ilikuwa kumlowekea ukindu.

Baba alipelekwa magharibi kulinda bohari karibu na mpaka. Mara mbili kwa mwaka alirudi, na safu nzima ikajua kwamba yuko livu. Livu kwangu ilikuwa mkate wenye siagi, redio yenye betri mpya, na kulala bila jaja kuuzuia mlango kwa kitanda.

Mwaka ule hakurudi. Halafu simu yake ikawa haipatikani. Jaja akasema ni milima ya huko, inaziba mtandao.

Barua ililetwa Jumamosi asubuhi na mtu wa ofisini. Jaja akatia kidole gumba kwenye daftari lake, mtu akaenda zake. Majirani walichungulia, lakini jaja hakumwita yeyote. "Barua ya nyumba husomwa na watu wa nyumba," akasema. Akafuta mikono, akakaa juu ya mkeka. "Soma, mama."

Nilikuwa darasa la tatu, na Kiingereza changu kilikuwa cha mbuzi na mpira. Maneno mengi yalikuwa marefu kunizidi. Nikaona jina la baba. Nikaona leave, halafu nikaliona tena chini. Nikaona siku kumi na nne. Palikuwa pia na vacate, ambalo sikulijua, ila lilifanana na vacation, na hilo mwalimu alikuwa ametufundisha kuwa ni likizo. Nikayaunganisha.

"Jaja, baba amepewa livu. Atafika baada ya siku kumi na nne."

"Umeona vizuri?"

"Nimeona. Imeandikwa mara mbili."

Ningesema sijui, angeipeleka kwa mtu mwingine. Sikusema. Nilikuwa nautazama uso wake, na sikutaka ubadilike.

Wiki mbili zile ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote nilizoishi na jaja, na ndiyo maana ni vigumu kuzisimulia. Alisiliba sakafu upya. Alifua pazia. Aliuza vikapu akanunua kuku, akamfunga mguu kwenye kitanda, tukalala naye ndani. Mama wa chumba cha tatu alipouliza barua ilisemaje, jaja alimjibu kwa sauti iliyofika hadi chooni, "Mwanangu anakuja livu."

Siku ya kumi na nne alipika yule kuku na gurusa, zile chapati nyembamba za Kinubi alizozipenda baba. Mimi nilivaa gauni la Idi. Kabla ya saa sita tukasikia gari la kampuni, nikakimbia nje. Walishuka wanaume watatu. Baba hakuwemo.

Mkubwa wao akasimama mlangoni, akaona sufuria. "Mama, bado mko hapa?"

"Tunamngoja mwenyewe," jaja akajibu. "Karibuni, kaeni."

"Mlipewa barua. Wiki mbili nzima."

"Ndiyo. Ilisema mwanangu yuko livu."

Yule mtu akamtazama, akanitazama mimi na gauni langu. Akasema taratibu, "Hapana, mama. Ilisema mtoke."

Hawakutukana mtu. Walitoa vitu kimoja kimoja, wakaviweka kwenye nyasi, sufuria ya kuku ikiwa bado na mfuniko wake. Mwisho waling'oa mlango, wakaupakia garini. Mvua ilianza alasiri. Mama wa chumba cha tatu akatupa jiko lake la nje tujihifadhi, na humo tukakaa mwezi mzima.

Jumatatu nilimpelekea mwalimu ile barua. Aliisoma akaweka chaki chini.

"Nani aliwasomea hii?"

"Mimi."

Akanieleza polepole, kidole kikiwa kwenye mstari. Leave ya kwanza ilikuwa ruhusa. Baba ameondoka kazini bila ruhusa, kwa hiyo amefukuzwa. Leave ya pili ilikuwa tokeni. Vacate nayo ilikuwa hameni, na siku kumi na nne ndizo tulizopewa za kutafuta pa kwenda. Akasema neno hilo lina maana nyingi: likizo, kuondoka, kumtupa mtu, kumwachia mtu urithi. Hata live, neno la kuishi, akasema, kwa jinsi tunavyolitamka hapa Kampala, husikika hivyo hivyo. "Si kosa lako," akaongeza. Nilimshukuru. Sikumwamini.

Jaja nilimwambia nusu tu. Nilimwambia kweli barua ilitutaka tuhame. Kwamba livu haikuwemo kabisa, sikuweza. Basi akabaki akiamini kwamba mwanawe alipewa livu na kampuni ikamficha. Kila mwezi, kwa miaka, alipanda mpaka ofisi yao kule Nakasero akiwa na kikapu kipya cha zawadi, akiuliza, "Mwanangu alitoka livu. Amefika wapi?" Mwanzoni walinzi wa getini walimwita mama, wakampa kiti. Baadaye wakimwona anapandisha kilima, waliingia ndani.

Nilikuwa na miaka ishirini alipougua. Tulikuwa tumepanga chumba hapa Wandegeya. Siku moja mchana, nikimnywesha uji, nilimwambia yote. Alisukuma kikombe cha uji pembeni.

"Barua iko sandukuni, chini ya vitambaa," akasema. "Isome tena."

Nikaisoma kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nilipofika pale penye baba, akanizuia.

"Rudia."

"Hayupo kazini, na hakuomba ruhusa."

"Hayupo," akasema. "Hawakuandika amekufa."

"Hawakuandika, jaja."

"Haya." Akageukia ukutani. Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikuuliza. Wiki iliyofuata tulimzika Bombo, kwa watu wake. Sheikh alipomwita mwana wa marehemu ashuke kaburini, watu walitazamana, hadi mzee mmoja asiyetuhusu akavua viatu.

Safu ya mabati haipo tena. Pamejengwa hosteli ya ghorofa nne, na ukipita unasikia muziki na vijana wakizungumza Kiingereza kizuri. Mama wa chumba cha tatu alirudi kwao, sijui kama yu hai. Kile Kiswahili chetu cha kuokoteza, cha Arua na Gulu na Congo katika sentensi moja, siku hizi nakisikia kwa nadra, na nikikisikia nageuka kutazama ni nani. Baba hakurudi, wala hakuna aliyetuonyesha kaburi. Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu, na za kwangu pia najaza mwenyewe. Zikiniuliza kama baba yu hai au amefariki, hapo napaacha wazi.