Mshumaa Ulioinama Mapema

Nichekeni tu. Watu wa Kihagara walishanicheka wakachoka.

Tangu wazazi waruhusiwe kujenga sekondari zao, yetu ya huku ziwani haikuwa na mchepuo wa sayansi. Walipokutana kuamua kama wauanzishe, mimi niliyesomea ualimu wa fizikia nikajitapa kwamba nitawaonyesha umeme ukisukuma hewa.

Nikaweka mshumaa unaowaka katikati ya vipande viwili vya bati, nikaanza kuzungusha mashine yetu ya umeme, ile ya mkono. Mwali ukainama!

"Mnaona?" nikapaza sauti, jasho likinitiririka. "Ndani ya mwali mna chembe zenye chaji. Bati la upande hasi linazivuta, nazo zinakokota hewa!"

Makofi yakalia. Mama Tekla, anayebanika samaki ufukweni, hakupiga.

"Mwalimu, mwanangu," akasema kwa upole, "huo ni upepo wa ziwani. Saa hizi hata moto wangu huinamia huko huko. Na hizo nyaya zako, mbona ziko sakafuni?"

Sikuwa nimeunganisha hata mmoja. Ukumbi ukaangua kicheko, mkuu wa shule akiongoza.

Mama Tekla akainuka, akafunga madirisha mwenyewe. "Haya, unganisha."

Nikaunganisha, nikazungusha. Mwali ukainama kuelekea ziwani, kinyume cha mwanzo.

Kicheko kikakatika. Mama Tekla akayatazama madirisha, akanigeukia.

"Na upepo huu anaupuliza nani? Binti yangu Tekla mwandike wa kwanza kwenye hiyo sayansi. Atakuja kunieleza yeye. Wewe bado sikuamini."