Nilibadilisha Kitambulisho cha Fomu ya Wifi Yangu

Nimemkosea mtu ambaye hawezi tena kunisikia. Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Nisomeni kama mnavyomsikiliza ndugu. Jina langu nalificha kwa aibu.

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kufuata mboga huku Lushoto, kikundi chetu cha wakulima kilipata kompyuta. Mimi nilikuwa nimeandika daftari la mizigo miaka mingi, kwa elimu yangu ya darasa la saba. Wifi alikuwa na kidato cha nne. Kompyuta akapewa yeye.

Wivu wenyewe ulikolea siku alipokuja mwalimu wa kompyuta. Alisema fomu ya kukagua taarifa za mzigo lazima iwe na kitambulisho, kinachoandikwa kama anwani ya mtandao. Hakifungui ukurasa wowote. Kazi yake ni kuitofautisha fomu yetu na nyingine. Kikishachaguliwa hakibadilishwi, maana kompyuta ya mnunuzi kule Mombo inaijua fomu yetu kwa hicho tu.

Mimi nilitaka tuweke jina la baba yetu, aliyeanzisha kikundi. Wifi akacheka.

"Wifi, jina la mtu halifai. Kesho akija mwenyekiti mwingine akataka lake, tutabadilisha? Tuweke la kikundi."

Mwalimu akasema, "Huyu mama ana akili." Watu wakapiga makofi. Makofi yale nilikaa nayo moyoni wiki nzima.

Wifi mwenyewe alikuwa amenifundisha kulifungua faili la ile fomu. Siku moja alipokwenda kuswali adhuhuri, nikalifungua, nikafuta jina la kikundi, nikaandika la baba. Nilijiambia namuenzi baba. Uongo. Nilitaka wifi aumbuke.

Diski yenye fomu na taarifa za mzigo ikateremka Mombo pamoja na kabichi na karoti. Kompyuta ya kule ikakataa taarifa zote, na mnunuzi hapokei mzigo usio na taarifa. Mzigo ukakaa siku mbili. Mombo ni joto, si kama kwetu. Kabichi zikaoza.

Kamati ya kikundi ikamwita wifi. Akaniuliza mbele yao, "Wifi, wewe hukaa na mimi pale. Nimekosea wapi?"

Nikajibu, "Mimi wa darasa la saba nitajuaje?"

Watu wakacheka. Aliondolewa siku hiyohiyo, akarudi shambani. Hakugusa kompyuta tena.

Mwaka huu amefariki. Kabla ya jeneza kutoka, iliulizwa kama kuna mwenye jambo na marehemu. Nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, nikasikia vizuri. Nikanyamaza tena.

Arobaini ilipopita nikamweleza kaka yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu, "Alijua?"

"Sijui, kaka."

Wewe unayemwonea mwenzako wivu kazini, ukimtendea ubaya kamwambie angali hai, hata akutukane. Mimi kila asubuhi namwamkia kaka yangu shikamoo, naye ananipita.