Robine Yenye Nilifungia Batwa

Bandugu, musinihurumie. Mi njo nilikosa, na nilikosa mu mwangaza, bantu banaangalia.

Mi njo ninalindaka robine, bomba ya maji ya kartie yetu, mutaa moja ya hapa mu muji ya Baraka. Maji inakujaka asubui tu, kidogo, bantu banapanga bidon, madumu yabo, mu mustari, kisha inakatika.

Ku mwisho ya kartie kuko Batwa, bale benye bankambo yabo balikaaka mu pori. Balikimbia vita kule ku milima, sasa banakaa mu tujumba twa majani na mahema ya kupasuka. Mvua ikinyesha, banalala wima na batoto ku mugongo. Bamama yabo banafinyanga vyungu, na siye Babembe bote tunapikia sombe, majani ya muhogo, mu ivyo vyungu. Lakini kikombe yenye Mutwa amenywea, aka! Hatuigusake. Njo vile bantu bakubwa balitulea.

Basi bamama bakaanza kunipigia makelele: "We! Bidon ya Batwa isiguse robine mbele ya yetu!" Nikaogopa midomo yabo. Nikaweka Batwa nyuma ya bote. Mara mingi zamu yabo ilikuwa inafika, maji imeisha kukatika.

Siku moja Mama Feza, Mutwa mwenye alikuwa ananiuzishia vyungu, akapita mbele ya mustari.

"Yaya, dada yangu, nipatie ata nusu ya bidon. Feza, katoto kangu, iko na kiu, na maji ya muto imechafuka."

Bamama bakapiga mayowe. Na mi, ili bantu banisifu, nikamujibu: "Enda ku muto, njo kwenu!"

Bakacheka bote. Na mi nikacheka. Mupumbafu mi!

Akaenda ku muto. Kolera ikashika kale katoto. Kalikuwa na miaka ine tu, kanajua kuniita tantine, shangazi. Haikumala siku mbili, tukasikia kilio. Eh Mungu wangu!

Nikabeba bidon ya maji, nikaenda ku matanga. Mama Feza hakulia, hakunitukana. Akasema tu: "Yaya, rudisha iyo maji. Mwenye alikuwa na kiu tumeisha kumuzika."

Ku njia bamama ba mustari bakaniambia: "Nyamaza, ni Mungu alipenda." Uongo! Mungu hakumutuma ule mama ku muto. Ni mi.

Sasa ninaita Batwa bapite ba kwanza. Habakuje. Banapita mbali, habaniangalie.

We mwenye unasoma, kama kwenu kuko bantu munaogopa kikombe yabo, usingoje bengi bakuruhusu kubahurumia. Bale benye nilicheka nabo banalala muzuri. Mi hapana.