Kidole Kilichonyooshewa Boga

Nilipokuwa mtoto kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kidole changu kiliogopwa kuliko mbwa wa mlinzi, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Haya, ninajisifu. Lakini usikie kwanza.

Kambo, nyanya yangu mzaa mama, alipanda maboga nyuma ya nyumba. Kwetu boga changa halinyooshewi kidole. Ukitaka kulionyesha unakunja ngumi, la sivyo linaoza na kuanguka. Mimi nilikuwa msichana mdogo mwenye mdomo mkubwa. Asubuhi moja nikaliona boga la kwanza, nikasahau kila kitu.

"Kambo, ile pale!" Kidole kimenyooka kama msumari.

Kambo akakipiga chini. Lakini Mama Odia, jirani yetu, alikuwa ameshaona kutoka upande wake wa ua.

Mvua ikakatika siku kadhaa, jua likawa kali, na mmea ule mmoja ukaanza kulala. Asubuhi majani yananyanyuka kidogo, saa sita yananing'inia kama nguo zilizoanikwa. Mingine yote imesimama. Mama Odia akaja kusimama mlangoni kwetu.

"Mutoto yenu iko na kidole mubaya. Mumuangalie. Bulozi inaanzaka vile."

Bulozi ni uchawi, na mwenye kuijua Lubumbashi anajua uzito wa neno hilo kwa mtoto. Wenzangu waliacha kucheza nami kamba. Mama yangu, kwa hofu, akataka kunipeleka kwenye chumba cha maombi, nifungiwe huko nifunge chakula mpaka "kitu" kitoke. Kambo akamzuia.

"Muache kwanza. Boga ikianguka, njo tutamupeleka."

Basi maisha yangu yakawa yananing'inia kwenye kikonyo cha boga.

Sikulia. Nilipiga magoti nikalifuata shina mpaka udongoni. Pale chini panya alikuwa amelitafuna, zimebaki nyuzi chache tu. Nikaelewa: asubuhi kuna baridi, majani hayana kiu sana, nyuzi zile zinatosha kupandisha maji. Jua likiwaka, hazitoshi. Binamu yangu wa chuo kikuu anaiita mishipa ile kwa majina ya Kifaransa marefu kama treni ya shaba. Mimi shule niliiacha mapema, tulikosana na hesabu, lakini mmea wenye kiu naujua kama ndugu.

Nilikuwa nimeshaona kwamba boga likitambaa, kwenye vifundo vyake hutoa vizizi vidogo vyeupe, kama ndevu, vinavyotafuta ardhi. Nikavifukia vifundo vilivyo karibu na tunda, nikachanganya na mavi ya mbuzi yaliyokauka, na kila jioni namwagilia maji pale.

Mama Odia akacheka mpaka akashika ua. "We mutoto! Unakunywesha mukia? Kinywa iko kule!"

"Kule panya alishakula kinywa, Mama. Nafungua ingine huku."

Siku zikapita, ninaamka kabla ya wote kwenda kuligusa boga kama lingalipo. Hatimaye mchana mmoja, jua la kupasua kichwa, majani yakabaki yamesimama. Nikawaita wote, Mama Odia na watoto wake, nikanyoosha kidole, chote, mbele yao. Mama yangu akafumba macho. Boga halikuanguka. Lilikua mpaka likanishinda kubeba.

Siku ya kulipika nilieleza habari ya panya na mizizi, nikaeleza tena. Hakuna aliyesikiliza. Kambo akamwekea Mama Odia kipande kikubwa kwenye sahani, akasema taratibu: "Kidole ya huyu mutoto inaponyeshaka mimea. Mungu njo alimupatia."

Mama Odia akatikisa kichwa kukubali, akala. Kesho yake akaniita nikamtazamie miche yake ya nyanya.

Leo naishi kwa kidole hicho. Watu wa mitaa ya Kampemba na hata ya Makomeno wananiita niwaonyeshe mmea wao unaumwa wapi, na hawabishi. Kwa mimea, mimi ni mkali, nani atanipita? Lakini nikiwa peke yangu bustanini najua hesabu halisi. Boga nililiokoa mimi, kwa kulifungulia njia nyingine ya maji. Mimi nilikatwa shina na neno moja la jirani, na Kambo ndiye aliyenifukia udongo juu ya kifundo, kwa neno lake, nikatoa mizizi upya.