Jua Nililotangaza Siku ya Alhamisi

Nakumbuka Alhamisi moja niliyosimama mbele ya shule nzima nikatangaza jua, na huku nilijua vizuri sana kwamba mvua inakuja. Sikukosea. Mtu akikosea husamehewa. Mimi nilijua, nikasema kinyume, kwa sababu jua lilikuwa na kichekesho na mvua haikuwa nacho.

Mwanangu, usinicheke nikikuita hivyo. Najua nimekuzidi miaka michache tu, na ndevu zangu unaweza kumaliza kuzihesabu kabla kengele haijalia. Lakini wewe wa Gredi ya Saba ndiwe unayeachiwa vile vyombo vyetu vya hali ya hewa nyuma ya maktaba, na Madam Nasimiyu, mwalimu wetu wa jiografia, ameniambia nikuandikie kitu kabla hujavishika. Namna ya kuvisoma atakufundisha mwenyewe. Mimi nina langu, na nitalisema kama mzee, maana tangu wiki ile sijisikii kijana sana.

Vyombo umeviona. Chupa ya soda iliyokatwa shingo, hiyo inapima mvua. Soksi ya mwalimu wa michezo juu ya mti wa fagio, hiyo inaonyesha upepo unaelekea wapi, na usiinuse. Halafu kile kichupa cha jemu kilichofungwa mdomo kwa kipande cha puto, na mrija umebandikwa kwa gundi juu yake. Hewa ikiwa nzito inakandamiza puto, na ncha ya mrija inapanda. Hewa ikipungua uzito puto linavimba, ncha inashuka, na hapo ujue mbingu zina mpango. Kinaonekana kama takataka iliyookotwa mtoni, lakini mwanangu, kile kichupa hakijawahi kunidanganya. Mimi ndiye niliyekitumia kudanganya watu.

Mtihani wa Madam ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kusimama: zamu yako ikifika, unaenda naye mchana kwenye vyombo, anakuuliza, unajibu, anakupa alama. Jioni unatangazia shule nzima kwenye paredi hali ya hewa ya kesho. Ya pili ilikuwa ya karatasi, na ilipangwa Ijumaa mchana.

Zamu yangu ikawa Alhamisi. Madam akainama pale na miwani yake puani.

"Ochieng', mrija unasemaje?"

"Umeshuka, Madam. Tangu asubuhi umeshuka sana."

"Maana yake?"

"Hewa imepungua uzito. Na upepo umegeuka, na yale mawingu ya kule Ngong yanajengana kama ghorofa. Kesho mvua, na si ya kuosha vumbi."

Akanipa alama zote. Akaniambia, "Ungekuwa unatumia hicho kichwa kila siku, wewe," kisha akaenda zake, maana alikuwa na mkutano wa walimu huko mjini. Kwa hiyo paredi ya jioni hakuwepo. Mwalimu wa zamu alikuwa wa hesabu, na kwake mawingu yote ni mawingu.

Sasa nikwambie shida yangu. Tangu Jumanne nilikuwa nimetunga tangazo. Nililifanyia mazoezi chooni. Tangazo lenyewe lilihitaji jua, bila jua halisimami. Nikapanda ngazi ya paredi, nikakohoa kama mtu wa redio, nikasema: "Kesho jua litawaka mpaka bati la choo cha wavulana liive chapati. Wenye kwapa kali wakae upande ule upepo unakoenda, si ule unakotoka. Na kwa usalama wa ndege zinazopita hapa juu, tunamwomba mwalimu mkuu avae kofia, kile kipara kisije kikawapofusha marubani."

Shule ililala chini. Hata mwalimu mkuu alijishika kipara akacheka, na mimi nikashuka ile ngazi nikiwa mfalme.

Nyumbani kwetu ni mtaa wa mabanda uitwao Raila, hapa Nairobi, safu ya mwisho kabla ya mto. Tulikuwa tunaishi wanne: Mama, mimi, dada yangu mdogo Atis ambaye yuko shule hiihii, na wakati huo Dani, nyanya yetu, aliyeletwa kutoka kijijini, upande wa ziwa, baada ya kupooza upande mmoja. Dani hakuwa anatembea. Mama hufua nguo Kawangware, kwa mama mmoja mwenye ploti zake za kupangisha huko, na siku za kufua hutoka alfajiri na kurudi jioni.

Mvua ikikaribia, tulikuwa na desturi yetu. Dani anaketishwa kwenye kiti cha plastiki, vijana wawili wanashika, wanampandisha mpaka Makina kwa Mama Zuhura, rafiki ya Mama, ambaye nyumba yake iko juu na ina sakafu ya simiti. Anashinda pale akinywa chai ya tangawizi na kusikiliza umbea wa Makina mpaka mto upoe. Lakini msimu ule alikuwa amebebwa mara nyingi bure, mvua inatishia na hainyeshi. Vijana walikuwa wamechoka. Mmoja alimwambia Mama, "Mathe, huyu shosho tunambeba kama kombe na hakuna mechi." Mama akaona haya. Akaamua hataomba tena kama hana hakika.

Na hakika yake, mwanangu, nilikuwa mimi. Mtoto wake anapima hali ya hewa shuleni. Aliwaambia mpaka wanawake wa kanisani.

Jioni hiyo Atis alifika nyumbani kabla yangu akasimulia tangazo lote, na mikono akaongeza. Nilipoingia nilimkuta Dani anacheka. Alikuwa anacheka na upande mmoja wa mdomo, ule mwingine umekaa tu, machozi yanamtoka, na kila akitaka kunyamaza anasema "kipara" na kuanza upya. Katika nyumba ile hakukuwa na mtu aliyependa ujinga wangu kama yeye.

Mama alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Ochi. Hiyo ya jua, ni mashine imesema ama ni wewe?"

Hapo ndipo pahali penyewe. Ningesema neno moja tu. Lakini nikisema ni mimi, basi nimecheza na mtihani, na nikicheza na mtihani kuna mwiko ule unasonga ugali. Na Dani alikuwa ananiangalia bado anacheka.

"Mashine," nikasema.

"Sawa. Basi kesho naenda kufua, huyu abaki."

Nikala ugali wangu ukaisha. Nikajiambia labda mvua itachelewa.

Ijumaa asubuhi jua likatoka, la kweli, safi. Nikalichekea lile jua kama rafiki aliyenifichia siri. Mama akamwachia Dani chai kwenye chupa, akafunga mlango kwa nje kwa kufuli kama siku zote kwa sababu ya wezi, akaenda na ufunguo wake Kawangware.

Mchana tukakaa kwenye mtihani wa karatasi. Swali la nne liliuliza dalili tatu za mvua kubwa. Nilikuwa nimeandika ya kwanza, kuhusu uzito wa hewa, niko katikati ya mawingu, ndipo darasa likaingia giza. Tone moja likapiga bati. Halafu yakaja yote pamoja, na humo ndani hakuna aliyemsikia mwenzake tena.

Nikasimama. Nikaenda mpaka mezani kwa Madam nikapiga kelele sikioni mwake.

"Madam, naomba niende. Nyanya yangu amefungiwa kule chini mtoni."

"Kaa chini, Ochieng'."

"Madam, haki ya Mungu hawezi kutembea."

Mvulana wa dawati la mbele akasikia. Akawapitishia wengine, "Ochi anasema shosho wake ameenda kuogelea," na kicheko kikatembea nyuma mpaka ukutani. Na mimi, mwanangu, sijui nikwambie nini, mdomo wangu ukatabasamu. Wenyewe. Umezoea. Watu wakicheka, unajibu. Madam akaona lile tabasamu akanionyesha kiti kwa kalamu.

Simlaumu. Nilimpa miaka miwili ya kunijua.

Nikatoka kwa dirisha. Nilikimbia kutoka juu mpaka chini, nikapita Makina, maji yananifuata kwenye vijia kama yanajua ninakoenda. Nilipofika safu yetu, mto ulikuwa umeshaingia. Mlango wetu ulikuwa ndani ya maji mpaka kwenye kufuli, na kufuli limekaa pale, zuri, limefungwa.

Nikaita. Nikapiga bati la ubavuni kwa mguu, halikukubali. Jamaa mmoja anayeosha pikipiki pale darajani, ambaye mpaka leo sijui jina lake, akaja na chuma, tukalibandua pamoja, likanichana mkono. Hii alama unayoniuliza kila siku, nikikwambia niling'atwa na mamba wa mtoni, si mamba.

Dani alikuwa amekaa kitandani. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, meusi, na sufuria zetu zinazunguka mbele yake polepole. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika msumari wa ukutani. Aliponiona, upande mmoja wa mdomo ukapanda.

"Ochieng'," akasema, "jua lako limeloa."

Yule jamaa akasema, "Shika miguu, mi nashika mgongo. Usimwangushe." Tukamtoa kwa lile tundu, tukampandisha Makina bila kiti. Mama Zuhura akamvua, akamfunika mablanketi yote ya nyumba. Alitetemeka mpaka meno yakasikika mlangoni. Alikuwa mwepesi sana mwanangu, sikujua mtu mzima anaweza kuwa mwepesi hivyo.

Kifua kikambana. Akapelekwa hospitali, akalazwa, na wiki iliyofuata akafa, asubuhi, tukiwa shuleni.

Mama hakuniuliza chochote siku hizo. Alidhani mashine ilikosea. Aliwaambia hata wageni wa matanga, "Hizi vitu za kupima huwa zinakosea, si makosa ya kijana. Kijana ndiye alimtoa." Watu wakanishika bega wakaniita mwanaume. Nilikaa kwenye benchi nikipokea soda za mwanaume.

Jioni moja Madam Nasimiyu akaja kutupa pole. Alikaa na Mama, akashika mikono yake miwili, akataka kusema jambo jema kuhusu mimi, kama watu wanavyofanya kwenye msiba. "Mama Ochieng', kijana wako ana kichwa. Siku moja kabla ya ile mvua alinisomea vyombo vyote. Aliniambia kesho itanyesha, na si ya kuosha vumbi. Darasa zima hakuna mwingine aliyeona. Nami nilimkalisha chini aliponiomba ruhusa, na hiyo sitaisahau."

Mama hakutoa mikono yake. Akasema asante, Madam. Kisha akageuza macho polepole, akanitafuta katikati ya wale watu, akanipata. Hakulia. Aliniangalia tu kama mtu anayesoma bango kwa mbali na hataki kuamini herufi.

Mwanangu, sikuambii uache vichekesho. Dunia hii ya kwetu bila vichekesho ni matope na bati tu, na Dani mwenyewe angenifufukia akanichapa. Kipara cha mwalimu mkuu bado kipo, na kofia hajanunua. Kitanie. Lakini kuna maswali mtu anakuuliza huku siku yake yote inasubiri jibu. Anataka kujua afunge mlango au aache wazi, abebe mtu au amwache. Swali la namna hiyo likija, weka mzaha chini kama unavyoweka mzigo, ujibu kama mambo yalivyo. Ukishamdanganya, bado una muda: mwambie kabla hajalala, hata kama mwiko uko karibu. Mwiko unauma jioni moja. Na ukiwa mtu wa kuchekesha, jua kwamba siku utakayolia watu watasubiri mwisho wa kichekesho, na wewe utakuwa unakimbia peke yako kwenye mvua.

Ukisimama pale nyuma ya maktaba, soma mrija kwanza. Watu wa paredi utawasoma baadaye.

Nakuombea mvua zote zikukute umeshasema kweli. Nakuombea nyumbani kwenu maji yapite mlangoni bila kubisha. Kama una nyanya, acheke na pande zote mbili za mdomo, miaka mingi, na afe kitandani pakavu.

Nami nikuachie hili la mwisho, maana nililibeba sana peke yangu. Tulimzika Dani nyumbani, upande wa ziwa, tukarudi Nairobi. Bati la ubavuni lilikuwa limepigiliwa upya. Mama alikuwa hajanisemesha tangu ile jioni ya Madam, safari yote ya kwenda na kurudi. Akawasha jiko, akakunja nguo zake za kazi, akaziweka kwenye mfuko. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Ochi, kesho narudi Kawangware. Toka nje uangalie juu, uje uniambie kama nguo zitakauka. Nitafanya vile utasema."